Juu ya nini watu wa Idjwi wanapenda kisiwa chao



Muulize mtu wa Idjwi juu ya nini anapenda kwao. Atakuonyesha Ziwa Kivu pande zote, nanasi limeivia shambani, sambaza kwenye sahani. Tena atakuambia: hapa tunalala usingizi. Vita vingi vya Kivu vilipita ng'ambo ya maji.

Lakini uzuri wa ziwa haulipi masomo ya watoto. Miaka mingi kahawa ya kisiwa ilikosa bei nzuri palepale. Wababa walikuwa wanapakia magunia katika mitumbwi usiku, wanavuka nayo Rwanda kwa magendo. Upepo ukiamka, mtumbwi unapinduka. Wengi hawakurudi. Waliacha wajane na mashamba ya kupalilia peke yao.

Koperative zilipoanzisha vituo vya kuosha kahawa kisiwani, mambo yakaanza kugeuka. Mkulima anachuma kahawa nyekundu asubuhi, anaipeleka kupimwa siku ileile, na usiku yuko nyumbani kwake. Wamama wajane nao wamekuwa wanamemba. Kahawa yao inaandikwa kwa jina lao.

Mche wa kahawa unangoja karibu miaka 3 mbele ya kuzaa. Hakuna mtu anapanda kahawa mahali anataka kuhama. Kila mche, na kila mtaro wa kuzuia udongo usishuke ziwani, unasema: mimi niko hapa.

Na kwenu je? Katika mkutano ujao, muulizane: ni kitu gani kinafukuza vijana wetu, na tunaweza kutengeneza nini sisi wenyewe?