Miguu Isipopona, Moyo Je?

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira halitajwi kwa sauti.

Mtu ameanguka na bodaboda, uti wa mgongo ukaumia. Miezi ya kwanza nyumba hujaa wageni, sala na michango. Mwaka wa tatu wageni wamekwisha. Yeye yuko ndani, anatazama majani ya chai mlimani, hali vizuri, halali vizuri, wala hataki kuzungumza. Jamaa wanasema, "Amezoea." Wengine wanauliza ni nani aliyemroga. Lakini hakuzoea, wala hakurogwa. Moyo wake umechoka, nao unahitaji kutunzwa kama vile mgongo ulivyotunzwa.

Twamkumbuka Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomwangusha, akalemaa miguu yote miwili. Alipoitwa mbele ya Mfalme Daudi alijilinganisha na mbwa aliyekufa. Hayo hayakuwa maumivu ya miguu. Daudi alianza kwa kumwambia asiogope, akamketisha mezani pake. Nayo habari hiyo katika 2 Samweli 9 inamalizika ikisema angali kiwete. Miguu haikupona, lakini mtu alirudishiwa heshima yake.

Basi, ni nani wa kumwendea? Tusichanganye kazi za watu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hushughulika na misuli na mifupa. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia huketi na mtu, mara nyingi kila juma kwa muda wa saa moja hivi, wakimsaidia kuyataja yanayomlemea na kutafuta njia ya kuishi nayo. Daktari wa magonjwa ya akili aweza pia kutoa dawa. Mchungaji naye husali na kufariji, lakini chuo cha theolojia hakimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia. Mchungaji mwema hujua wakati wa kumpeleka mshirika wake kwa mwenye ujuzi, na kuendelea kumtembelea.

Wengi hudhani ni lazima kusafiri hadi Mathari, Nairobi. Sivyo. Anzeni karibu: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Waulizeni kuhusu huduma ya afya ya akili na ushauri nasaha. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti jukumu katika huduma hiyo. Kwa hiyo mwulizaji haombi hisani.

Kabla ya kufunga safari, ulizeni maswali haya. Je, mshauri huyu amesajiliwa? Sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia inataka hivyo. Je, chumba chake kiko ghorofani, au kiti cha magurudumu chaweza kuingia? Malipo ni kiasi gani, na bima ya afya italipa sehemu gani? Kwa kuwa vilima vyetu ni vikali na njia huteleza wakati wa mvua, je, aweza kuzungumza kwa simu baadhi ya majuma? Je, anasikia Ekegusii? Maana mama aliyezoea kulia kwa Ekegusii hawezi kufungua moyo wake ikiwa mwanawe ndiye mkalimani.

Halafu mtazameni mshauri mwenyewe. Akizungumza na aliyemsukuma mgonjwa badala ya mgonjwa, hiyo si dalili njema. Akifikiri kila huzuni inatokana na miguu, hajasikiliza; pengine huzuni ni ya ndoa, au ya shamba lililogawanywa pasipo yeye kuulizwa. Akichukua siri na kuitoa nje, mwacheni. Kumwacha mmoja na kumtafuta mwingine si utovu wa shukrani.

Ndugu, liko neno zito zaidi. Wako wanaofikiri juu ya kujiua, nao wanaogopa kusema wasije wakashtakiwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Basi semeni. Nanyi mnaosikia neno hilo nyumbani, msilikemee wala msilingoje juma lijalo. Ketini naye, ondoeni dawa ya shambani na kamba, mpelekeni hospitali siku iyo hiyo.

Na kanisa lifanye nini? Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Bwana Yesu alikataa swali hilo. Nasi tulikatae. Badala yake tuulize: nani atalipa nauli ya Jumanne? Nani atasukuma kile kiti hadi barabarani, kisha angoje nje ya mlango bila kutega sikio? Mefiboshethi hakujifikisha mezani mwenyewe. Mfalme alituma watu wakamlete kutoka Lo-debari.

Juma hili, twendeni tukamlete mmoja. Mungu awabariki.