Mipira ya Ombwe katika Injini ya Pikapu: Zana ya Kufundishia Kanieneo ya Hewa

Kila mara wanachuo wetu wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, huwataka waandike andalio moja la somo kuhusu hewa. Katika maandalio mengi tumeikuta sentensi hii: "Ombwe huvuta hewa." Mwanachuo huiandika bila wasiwasi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na mwalimu aliyemfundisha alifundishwa vivyo hivyo. Lakini ombwe si kitu chenye nguvu. Ni mahali ambapo hewa imepungua au haipo. Kinachofanya kazi ni hewa ya nje, ambayo kwa uzito wake husukuma kuelekea mahali palipopungukiwa. Mtoto anywaye soda kwa mrija hupunguza hewa kinywani mwake tu. Anayeipandisha soda ni hewa inayoikandamiza ndani ya chupa.

Tulilisema jambo hili darasani kwa miaka mingi, wala hatukufanikiwa sana. Lililotusaidia ni hitilafu ya pikapu ya chuo.

Pikapu hiyo ni Hilux ya miaka ya 1980, yenye injini ya petroli na kabureta. Jioni moja ilikuwa ikiwarudisha wanachuo wanane kutoka shule za mazoezi, ikiteremka mlima. Dereva alipokanyaga breki, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Alikanyaga kwa miguu yote miwili, na gari likasimama ukingoni mwa barabara, upande wa bonde. Hakuna aliyeumia. Kesho yake dereva alitueleza kwa maneno machache: "Walimu, breki zipo, ila zimekosa msaidizi." Hatujawahi kusikia maelezo sahihi zaidi ya hayo.

Yafaa kwanza tueleze msaidizi huyo ni nani. Pistoni inaposhuka katika silinda, nafasi huongezeka na hewa hutaka kuingia kupitia kabureta. Ndani ya kabureta kuna kibati kinachofungua na kufunga njia kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Dereva akiondoa mguu, kibati hufunga karibu kabisa. Pistoni zaendelea kushuka, hewa haipati njia ya kutosha, na kanieneo katika bomba la kuingizia hewa hupungua ikawa ndogo kuliko ya nje. Tofauti hiyo ndiyo mafundi waiitayo vakyumu. Mipira kadhaa myembamba huipeleka sehemu mbalimbali: kwenye distributa, ili kurekebisha wakati wa cheche, kwenye vali ya kuondoa mivuke ya oili, na, kwa mpira mnene kuliko yote, kwenye kopo kubwa jeusi lililo nyuma ya pampu ya breki, liitwalo busta. Ndani ya kopo hilo mna kiwambo. Upande mmoja wa kiwambo hewa imepungua; dereva akikanyaga breki, hewa ya nje huingizwa upande wa pili, nayo hukisukuma kiwambo pamoja na mguu wa dereva.

Nguvu hiyo si ndogo, na wanachuo waikokotoe wenyewe. Kwenye usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hulingana na safu ya zebaki ya sentimita 76, kama Torricelli alivyoonyesha mwaka 1643. Injini nzima ikiunguruma taratibu huweza kuonyesha upungufu wa kiasi cha sentimita 50 za zebaki. Kila sentimita ya zebaki hukandamiza kwa gramu 13.6 juu ya sentimita moja ya mraba. Hivyo tofauti ni kama gramu 680. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314. Jibu ni zaidi ya kilo 210, yaani watu watatu wazima wakisaidia mguu mmoja. Huku nyanda za juu, kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, hewa yenyewe hufikia sentimita 62 tu, na injini ileile itaonyesha kama 36. Msaada hushuka hadi kilo 150 hivi. Wanachuo waliotoka pwani walishangaa kuona kwamba hata breki za gari hujua limepanda mlima.

Mpira ukipasuka, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Busta hupoteza msaada. Na hewa iliyoingia kwa njia ya panya, bila kupitia kabureta, haikuchanganywa na petroli. Mchanganyiko huwa na petroli haba, injini hutetemeka, huzimika gari likisimama, na pengine hukohoa kwenye kabureta. Fundi asiye makini hukimbilia plagi, au hukaza skrubu ya kabureta ili mngurumo upande, na gari huondoka gereji na ugonjwa wake.

Tulipowapa wanachuo kazi ya kuutafuta ufa, tuliwaachia wachague njia. Kundi moja lilileta maji ya sabuni, kama afanyavyo fundi wa baiskeli. Walipaka kila mpira, wakangoja mapovu. Hapakutokea povu hata moja, nao wakatangaza kwamba mipira yote ni mizima. Hatukuwakosoa. Tuliwauliza tu: katika tairi, hewa yaenda wapi? Na hapa je? Palikuwa na kimya kirefu, kisha mmoja akasema polepole, "Hapa haitoki. Inaingia." Wakapaka tena, safari hii wakitazama mahali ambapo sabuni inamezwa na mlio wa injini unabadilika. Waliupata ufa chini ya mpira wa busta, karibu na klipu, mahali usipoonekana mpaka mpira ukunjwe. Kwa maoni yetu dakika zile zilifundisha kanieneo ya hewa kuliko mihadhara yetu yote.

Njia nyingine ni kusikiliza. Chukua kipande kirefu cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na mipira; palipopasuka pana mlio kama wa nyoka. Angalia feni na mkanda wake, na nguo zisining'inie. Wako mafundi wanaomwaga petroli juu ya mipira ili wasikie injini ikibadilika. Njia hiyo huchoma magari na watu, na isifanywe chuoni kamwe.

Kuhusu kubadilisha, hatuna budi kukiri kosa letu. Mara ya kwanza tuliwaruhusu wanachuo kuing'oa mipira yote, kuipanga juu ya gunia na kukata mingine mipya. Ilipofika saa nane hakuna aliyekumbuka upi ulitoka wapi. Injini iliwashwa saa kumi na mbili jioni, baada ya dereva kuja kutusaidia, na hakutusemesha sana. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa mpira kabla ya kuchora. Kila mwanachuo huchora injini kutoka juu, huweka namba kwenye kila mpira, na namba hiyohiyo huandikwa kwenye utepe wa karatasi unaogundishwa ncha zote mbili. Ndipo mpira mmoja tu hutolewa, na wa badala yake huwekwa kabla ya kugusa wa pili.

Injini iwe imepoa. Mpira uliokauka usivutwe kwa nguvu, kwa kuwa vibomba unavyoshikilia, hasa vya plastiki, huvunjika kwa urahisi. Uzungushwe kwanza, na ukikataa upasuliwe kwa wembe kwa urefu, bila kukwaruza kibomba. Mpya ukatwe urefu uleule. Ukiwa mfupi utachomoka injini ikitikisika. Ukiwa mrefu utajikunja na kuziba, au utaangukia ekzosi na kuungua. Kipenyo cha ndani nacho kilingane na cha zamani, uingie kwa kubana.

Mwanachuo mmoja alipendekeza tubane matumizi kwa kutumia mpira wa ndani wa baiskeli. Tulimkubalia afanye jaribio mezani, si garini. Alifunga ncha moja, ncha ya pili akaiunganisha na bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta. Mpira ulijibana ukawa bapa kama utepe. Nani aliubana? Si bomba la sindano. Ni hewa ya chumba. Hiyo ndiyo sababu mpira wa ombwe una ukuta mnene, na ule wa busta una nyuzi ndani yake. Mpira wa busta ununuliwe uliotengenezwa kwa kazi hiyo, hata kama bei yake inaumiza. Kadhalika uangaliwe ule mlango mdogo wa njia moja ulio kwenye mpira huo au kwenye kopo: ukipuliza upande mmoja hewa hupita, upande wa pili hukataa. Ukigeuzwa, busta haifanyi kazi.

Kazi ikiisha, ipimwe kabla gari halijaondoka. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, aishikilie chini, kisha awashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, msaidizi amerudi. Kila mwanachuo wetu alikaa kwenye kiti cha dereva kwa zamu ili ausikie mshuko huo kwa mguu wake. Kisha dereva alijaribu breki kwenye uwanja wa mpira, kwa mwendo mdogo, kabla ya kuingia barabarani.

Shule nyingi mtakazopangiwa hazina gari. Bomba la sindano, kipande cha mpira mwembamba na puto vyatosha kwa darasa la sita. Mwanafunzi azibe tundu kwa kidole, avute mkono wa bomba, kisha auachie. Atauona ukirudi wenyewe. Aulizwe ni nani aliyeurudisha, na mwalimu asikimbilie kumjibu. Sisi tumehifadhi mipira ya zamani ya pikapu katika sanduku la zana, kila kipande na namba yake ya mchoro. Namba 4 ndiyo wa busta: mpeni mwanafunzi aukunje, aone ufa ukifunguka.