Mbuzi wa Uani: Mwenzi wa Watoto au Mnyama wa Udhiya?



Katika miji yetu ya pwani, mbuzi hupita vichochoroni asubuhi na jioni hurejea kwao bila ya kuchungwa. Mtoto wetu aliyezaliwa Mayfair au Lenasia husikia hadithi hizo kwa bibi yake, kisha huomba naye anunuliwe kibuzi kidogo cha kucheza nacho. Ombi ni jema, kwani kumlea mnyama humfunza mtoto huruma na uaminifu. Lakini mzazi anapaswa kuyapima mambo kadhaa kabla ya kutia mkono mfukoni.

La kwanza ni sheria. Ufugaji wa mbuzi mjini Johannesburg unasimamiwa na sheria ndogo za afya ya jamii za mwaka 2004. Humo yamo masharti juu ya zizi, usafi wake na umbali wake na makazi ya watu, nayo humhusu hata mwenye mbuzi mmoja. Ua mwingi wa mitaa yetu ni mwembamba, hivyo muone kwanza afisa wa afya ya mazingira wa eneo lako, na jibu lake ulipate kwa maandishi. Aliyepanga aanze kwa mwenye nyumba, kisha majirani.

La pili ni karatasi. Sheria ya wizi wa mifugo ya mwaka 1959 inamtaka muuzaji ampe mnunuzi hati ya kumtambulisha mnyama, na anayemsafirisha mnyama barabarani awe nayo. Sisi wageni tunajua uzito wa kusimamishwa njiani bila ya karatasi. Tusijitafutie taabu nyingine kwa sababu ya mbuzi.

La tatu ni mnyama mwenyewe. Kibuzi cha kupendeza utakachouziwa huenda kikawa cha mbegu ya Boer, iliyokuzwa hapa hapa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama. Beberu wake mzima hupita kilo 100. Mbuzi vilevile hapendi upweke: akiwa peke yake hulia mchana kutwa, na jirani hatavumilia. Wafugwe wawili, majike au maksai, maana beberu asiyehasiwa hunuka mtaa mzima. Chakula chao ni majani makavu na matawi, wala si makombo ya ubwabwa na mkate, ambayo huwavimbisha tumbo hata kuwaua. Majani ya mparachichi na kichaka cha maua kiitwacho oleanda, vinavyoonekana katika bustani nyingi za hapa, ni sumu kwao. Tukumbuke pia kwamba mji huu uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huganda barafu. Banda kavu lisilopitisha upepo ni haki ya mnyama, na sheria ya nchi ya mwaka 1962 humwadhibu anayemtesa.

La nne ndilo zito kuliko yote. Idi ya Kuchinja inapokaribia, baba humtazama mbuzi wa mwanawe na kuona udhiya umeshapatikana nyumbani. Mtoto aliyempa mnyama jina na kumlisha kwa mkono wake hawezi kuambiwa habari hiyo asubuhi ya Idi. Uamuzi ufanywe siku ya kununua, na mtoto aambiwe kweli: huyu ni wa kufugwa, au huyu ni amana ya ibada. Akijua tangu mwanzo, atamtunza kwa moyo mwingine, na siku ikifika huzuni yake haitakuwa na hisia ya kudanganywa.

Wazazi wajihadhari na ulimi pia. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata, mbuzi wa udhiya awe ametimiza miaka miwili. Majirani zetu Mahanafi huridhika na mwaka mmoja. Na kwa Shafi, mtu akisema kumkusudia mnyama, "Huyu ni udhiya wangu," amekwisha kujilazimisha, hawezi tena kumuuza wala kumgeuza mwenzi wa watoto. Mwenye shaka amuulize imamu wake kabla ya kutamka.

Na anayekusudia kuchinja nyumbani afahamu kwamba sheria ya usalama wa nyama ya mwaka 2000 inaruhusu kuchinja nje ya machinjio kwa ajili ya dini. Hata hivyo masharti ya jiji yabaki palepale: taarifa itolewe mapema, na mnyama achinjwe pasipo macho ya wapita njia.

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mwenye ua, kibali na subira, afuge kwa heri. Asiyekuwa navyo asimdhulumu mnyama wala jirani; ampeleke mtoto shambani siku ya mapumziko, akawalishe mbuzi wa watu na kurudi nyumbani kwa furaha.