Kifaru cha plastiki hupata uzito wake kwenye magurudumu

KIFARU cha vita cha plastiki, kile kinachouzwa vipande vipande ndani ya boksi, aghalabu huharibikia chini, kwenye magurudumu. Mnara na mzinga hupewa siku nzima, magurudumu humalizwa usiku mmoja, na chombo cha tani 36 huonekana kinaelea juu ya meza.

Mfano mzuri ni Type 59, kifaru cha China kilichoigwa kutoka T-54 ya Kisovieti, ambacho Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa nacho wakati wa Vita vya Kagera vya 1978-1979. Kila upande una magurudumu matano makubwa, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni pana kuliko mengine. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na baadhi ya vifaru vya Sherman vya Kimarekani, vyenye magurudumu sita madogo yaliyofungwa mawili mawili. Kwa nyumba iliyopeleka mtu Kagera, kukosea hapo si jambo dogo.

Katika kifaru halisi, kila gurudumu hushikwa na mkono wa chuma uliounganishwa na nondo maalumu. Gurudumu likipanda jiwe, nondo hujisokota, kisha hulirudisha chini. Katika plastiki, mikono hiyo kwa kawaida hugandishwa tu, na hapo ndipo kazi ilipo. Itumike gundi inayoyeyusha plastiki, si supa gluu, kwani ya kwanza hutoa muda wa kurekebisha. Kabla haijakauka, kifaru kiwekwe juu ya kipande cha kioo kutoka kwa fundi wa madirisha. Karatasi ikipenya chini ya gurudumu lolote kati ya yote kumi, mkono wake usukumwe chini, kisha kazi iachwe hadi kesho yake.

Lakini barabara za ndani za Boko, zenye vumbi na mawe, si kioo. Anayetaka kifaru chake kionekane kikipita huko agandishe kwanza mawe kwenye ubao, ndipo ainue mikono ya magurudumu yanayoyakanyaga. Gurudumu moja lililopanda hushawishi kuliko rangi yoyote.

Msasa laini nao usisahauliwe. Katika kipimo cha 1 kwa 35, gurudumu la sentimita 81 huwa milimita 23 tu, hivyo ukingo wa nusu milimita ulioachwa na kiwanda ni sawa na karibu sentimita mbili katika kifaru halisi.

Type 59 haina vigurudumu vya kubeba mnyororo kwa juu. Mnyororo hulala juu ya magurudumu na kulegea katikati yake, zaidi kwenye lile pengo la mbele. Ule wa mpira unaotoka kwenye boksi hukaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ushikizwe kwa gundi juu ya kila gurudumu. Raba ya gurudumu ipakwe kijivu cha kiza, kwani nyeusi tii huifanya ionekane mpya dukani.

Na kazi isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani: mikono myembamba hupinda.