Baba Naye Atoe Damu

"Daktari, hili tatizo la mtoto limetoka upande wa nani?" Swali hilo utalisikia Haydom, Dongobesh hadi Katesh, na anayeuliza huwa ameshajijibu: upande wa mama. Majibu ya maabara hayajarudi, ukoo umeshakaa kikao. Mtafiti wa vinasaba akiomba damu ya baba, baba haonekani. Amesikia DNA, anadhani anatafutwa mwenye mtoto.

Mabadiliko mengi ya kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, hayarithiwi. Hutokea upya wakati yai au mbegu inatengenezwa, kwa mzazi ambaye kromosomu zake ni sawasawa. Hali ya Down ndiyo maarufu kuliko zote, na takriban watoto 95 katika kila 100 walio nayo wamepata kromosomu ya 21 ya ziada kwa njia hiyo. Ni kweli kwamba mara nyingi kosa hutokea kwenye yai, na uwezekano hupanda kadiri umri wa mama unavyopanda. Lakini umri si ukoo. Kumrudisha mke kwao kwa sababu hiyo ni uonevu mtupu.

Yapo mabadiliko machache yanayorithiwa. Mtu anaweza kuwa na kromosomu mbili zilizoungana, akahesabiwa 45 badala ya 46, na bado akalima, akachunga, akazeeka bila kuugua. Anaweza kuwa mama, anaweza kuwa baba. Hakuna mzee wa ukoo wala mganga atakayemtambua kwa kumtazama, na mimi pia siwezi; damu ndiyo inayoonyesha.

Na hizo dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mnadani? Mayai ya mwanamke huanza kuumbwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hakuna mzizi unaopanga upya kromosomu zilizomo. Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, badiliko kwa kawaida limo katika kila seli ya mwili wake. Mnauza mbuzi, mnanunua maji machungu.

Damu ya wazazi wote wawili ina kazi nyingine. Mtoto anaweza kukutwa amepungukiwa kipande cha kromosomu, na upungufu huo haujulikani katika kumbukumbu za kimataifa za vinasaba, maana sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ni za watu wenye asili ya Ulaya. Sisi tuna mabadiliko yetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya humudu maziwa ukubwani kwa badiliko la vinasaba tofauti na lile la Wazungu. Kipande hicho kikikosekana pia kwa baba mwenye afya njema, huenda si chanzo cha ugonjwa. Wazazi wote wakiwa nacho, shaka inaongezeka. Tukipima mtoto peke yake, tunabahatisha.

Utafiti si mgeni wilayani Mbulu. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa MAL-ED ulifuatilia watoto wa vijiji vinavyozunguka Haydom tangu kuzaliwa, ukichunguza kuhara na ukuaji. Sijasikia ukoo uliokaa kikao kuamua kuhara kumetoka upande wa nani.

Sasa ya kufanya. Omba uone kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Fomu ya ridhaa uelezwe kwa lugha unayoielewa, Kiiraqw au Kidatooga ikibidi. Uliza kama sampuli itapelekwa nje ya nchi, na majibu utapewa na nani, au hutapewa. Kipimo kinaweza kugusa suala la ubaba. Uliza kabla ya kutoa damu kama hilo litasemwa. Hulipi chochote. Unaweza kukataa au kujitoa, na matibabu ya mtoto yanaendelea. Usingoje utafiti ndipo uanze tiba: mwenye Down apimwe moyo mapema, hata kwa rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, aanze mazoezi ya viungo, apelekwe shule.

Na baba afike kliniki. Damu ya mama tunayo tayari.