Shujaa Asiyeona katika Mchezo wa Vita wa Mezani

Mwaka 1824 luteni mmoja wa mizinga katika jeshi la Prusia, Bwana Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo uliochezwa juu ya ramani kwa vibao vidogo na dadu. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi naye hakuweka mezani vikosi vyote, bali vile tu ambavyo askari walioko uwanjani wangeweza kuviona kutoka mahali waliposimama. Adui aliyejificha nyuma ya kilima hakuwapo juu ya ramani mpaka doria imkute. Kwa njia hiyo maofisa walizoezwa kuamua mambo bila ya kuona, kwa kutegemea taarifa walizoletewa, hali ambayo kila askari aliyewahi kukesha lindoni usiku wa giza anaifahamu.

Mchezo huo ndio babu wa mchezo tunaokusudia kuueleza hapa. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alitoa kitabu kiitwacho Strategos, ambacho nacho kilimpa mwamuzi mamlaka makubwa. Karibu miaka 90 baadaye kitabu hicho kiliangukia mikononi mwa kijana wa Minnesota, David Wesely. Mwaka 1969 Wesely aliendesha mchezo ambamo mchezaji alishika nafasi ya mtu mmoja badala ya kuongoza kikosi kizima. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Dave Arneson, ambaye pamoja na Gary Gygax ndio waliobuni Dungeons & Dragons, yaani Mahandaki na Majoka, uliotolewa mwaka 1974. Katika mchezo huo kila mchezaji hubuni mtu wake, humwandikia sifa zake katika karatasi, yaani nguvu, wepesi, akili na silaha, kisha huingia naye katika mapango ya mazimwi. Mwamuzi husimulia, mchezaji hujibu, dadu huamua.

Sasa tuseme mchezaji mmoja anatangaza kwamba mtu wake ni kipofu. Je, aundwe vipi?

Kanuni zenyewe ni kali. Asiyeona hushindwa papo hapo katika kila jambo linalohitaji macho. Anaposhambulia, hurusha dadu mbili zenye pande 20 na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Na adui anapomshambulia, huyo adui huchukua iliyo kubwa. Tufanye hesabu. Pigo linalohitaji 11 au zaidi kwa kawaida hufaulu mara 50 katika 100. Kwa kipofu hufaulu mara 25, na kwa adui wake mara 75. Mtu wa namna hiyo akitupwa mstari wa mbele bila ya kufikiriwa vizuri, hatamaliza jioni ya kwanza.

Ndiyo maana wabunifu wengi hukimbilia upande wa pili. Humpa kipofu wao masikio ya ajabu yanayosikia kila kitu, hata akawa anaona kuliko wenye macho. Sinema za Kijapani za Zatoichi, mkandaji kipofu hodari wa upanga, zilizoanza mwaka 1962, na hadithi za picha za Kimarekani za Daredevil, zilizoanza mwaka 1964, ziliwazoesha watazamaji kipofu wa aina hiyo. Wanapendeza, hatukatai. Lakini mezani upofu wa namna hiyo hubaki kuwa rangi iliyopakwa juu ya karatasi: mchezaji hapotezi kitu, na kwa hiyo hana la kuamua. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2020 kiliweka njia ya kati iliyo bora, nayo ni mafunzo ya kupigana bila ya kuona, yanayomwezesha mpiganaji kumtambua adui aliye ndani ya futi 10, kama mita 3 hivi. Ndani ya mita hizo ni hatari kweli kweli. Nje yake, mpiga upinde anaweza kumwangusha bila ya wasiwasi.

Historia nayo inatoa mifano miwili, yote ya nchi moja ya Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Mfalme John alikuwa kipofu alipokwenda kuwasaidia Wafaransa katika vita vya Crécy mwaka 1346. Alitaka apige japo pigo moja la upanga, hivyo mashujaa wake wakamwongoza hadi katikati ya mapigano, na akauawa. Jan Žižka, jemadari aliyekwisha kuwa na jicho moja tu, alipoteza la pili mwaka 1421 alipouzingira mji na ngome ya Rabí. Mwishoni mwa mwaka huo huo alizingirwa na majeshi ya Mfalme Sigismund karibu na Kutná Hora, akapenya usiku kwa magari yake ya vita, na mwanzoni mwa mwaka 1422 akamfukuza mfalme huyo nchini. Alishinda tena Malešov mwaka 1424, akafa mwaka huo kwa maradhi. Mmoja alijipa kazi ya macho. Mwingine alishika kazi ya kichwa, akawaachia wasaidizi wake kazi ya kutazama. Anayebuni mhusika asiyeona na aanze hapo: kazi yake kikosini ni ipi, na ni nani anayemletea taarifa?

Baada ya hapo ndipo yaje mambo madogo madogo, ambayo kwa hakika ndiyo yenye utamu. Upofu si giza tupu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kipofu ikiwa jicho lake lililo bora halifikii 3/60, na wengi wao bado hutambua mwanga au kivuli. Mbunifu hana budi kuamua mtu wake anabakiwa na nini. Aamue pia anatembeaje. Mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi la Marekani ya Valley Forge, Richard Hoover aliwafundisha askari waliopofuka vitani kutumia fimbo ndefu na nyepesi, wakiipeleka kulia na kushoto ili ipapase mahali ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Katika pango lenye mitego, mwenye fimbo hiyo anafaa kutangulia mbele ya msafara mzima. Halafu mwenge wa mchezo huu huwaka saa moja tu, na mwanga wake kamili haupiti mita 6. Ukizimika, ni nani aliyezoea?

Liko swali moja ambalo lazima liulizwe. Katika ulimwengu wa mchezo huu mapadri wanao uganga wa kuondoa upofu. Mbona huyu hakuponywa? Pengine alizaliwa hivyo na hauhesabu upofu wake kuwa ugonjwa. Pengine anayeponya anadai malipo asiyokubali kuyatoa. Jibu lolote lafaa, almuradi liwepo. Lakini kuifanya safari yake nzima iwe ya kutafuta macho ni kumpunguza. Askari aliyerudi kutoka Valley Forge alitaka pia kazi, nyumba na marafiki.

Iliyobaki ni kazi ya mwamuzi. Akisema tu kwamba chumba ni kikubwa na kina nguzo sita, amemwacha mchezaji huyo nje ya mlango. Na aseme kwamba mwangwi wa nyayo unachelewa kurudi. Kwamba upepo wa baridi unatoka kushoto, chini chini, usawa wa magoti. Kwamba pananuka mafuta yaliyoungua muda si mrefu. Na kwamba mahali fulani mbele yao kuna mtu anayeizuia pumzi yake. Wenzake, ambao mwenge wao umekwisha kuzimika, watayahitaji maneno hayo hayo.