KINDA LA KASUKU KATIKA KIKAPU CHA MSAFIRI

Barabara Kuu Namba 3, itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, hupita Bugarama ikiwa imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Siku za anga safi huonekana ng'ambo milima ya Kongo. Na nyuma ya milima hiyo, mbali magharibi, iko misitu ya Maniema, ambako kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu huzaliana katika mashimo ya miti mirefu. Askari aliye zamu mwambaoni asishangae, basi, iwapo siku moja atasikia kutoka katika kikapu kilichofunikwa kitenge sauti ya kukwaruza isiyo ya kuku. Twaandika ili ajue la kufanya saa ile ile, maana kinda wa kasuku hangoji ripoti iandikwe.

Tuanze na jambo ambalo wengine hawatapenda kulisikia. Kinda huyo si wa kununua, wala wa kupokea kama zawadi, wala wa kupelekewa watoto nyumbani kwa muda tu. Tangu Januari 2017 mkataba wa CITES, ambao Burundi ni mwanachama wake, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu aliyenaswa porini. Aidha nchi yetu ina sheria yake ya mwaka 2011 juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Askari amfichaye ndege huyo kambini anahifadhi magendo, hata akimpenda namna gani.

Iko na hesabu nyingine. Kasuku aliyetunzwa vyema huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Aliyelelewa peke yake mikononi mwa mtu humwona mtu huyo kuwa ndiye jamaa yake. Akiachwa, mara nyingi hujinyofoa manyoya hata kifua kikabaki uchi. Ni nani miongoni mwetu ajuaye atakuwa kambi gani miaka miwili ijayo? Amri ya uhamisho haimtaji kasuku.

Majirani zetu wa Rwanda wamelipia funzo hili kwa korongo mwenye taji, yule tumwitaye umusambi. Vifaranga walitolewa mabwawani, wakafugwa katika bustani za nyumba na mahoteli, na wengine wakakatwa au kuvunjwa mabawa wasipate kuruka. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake, kwa kushirikiana na serikali, walianza kuwaandikisha na kuwakusanya, na zaidi ya korongo 200 wameondolewa majumbani. Wenye afya walipelekwa Akagera kuzoea tena maisha ya porini. Waliolemazwa wametengewa makao Kigali, mahali paitwapo Umusambi Village, nao hawataruka tena.

Kulisha kinda kwa mkono kuna mahali pake, yaani kumweka hai hadi afikishwe kwa wenye kazi hiyo. La kwanza ni joto. Kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha moto, na chakula kikiingia katika mwili wa baridi hakisagiki, huchacha. Mwekeni katika boksi lenye matambara makavu, pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mbali na moshi wa jiko. Ndipo uandaliwe uji laini wa nafaka usio na maziwa, chumvi wala sukari. Joto lake liwe nyuzi 38 hadi 40; ukizidi sana huunguza mfuko wa chakula ulio kooni, na kidonda hicho huonekana siku kadhaa baadaye, wakati mlishaji amekwisha kujisifu.

Tumieni kijiko kidogo kilichokunjwa kingo. Kinda akae wima, anyooshe shingo mwenyewe na kumeza kwa hiari. Akimiminiwa kwa nguvu, uji huingia mapafuni, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumwua. Mfuko wa kooni ukijaa kiasi, acheni. Msirudie hadi uwe umepungua sana. Kinda aliyekwisha kuota manyoya aweza kupewa nyama ya chikichi iliyochemshwa na kupondwa. Mtu wa Rumonge haikosi, na kasuku wa porini huipenda mno. Avoka, ambayo kila mpishi wetu angedhani ni chakula chepesi, ni sumu kwa ndege huyu. Asipewe hata kidogo.

Mlishaji mmoja yatosha, wala si kikosi kizima kupokezana kumshika. Anawe mikono kwa sabuni na afunike pua anaposafisha kinyesi, kwani kasuku huweza kuwa na vijidudu vinavyomtia mtu homa na kikohozi kibaya. Akiugua katika majuma yafuatayo, amweleze daktari kuwa alishika kasuku, isije ikadhaniwa ni malaria tu.

Wakati huo huo taarifa ifike kwa OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira. Safari ya kwenda Bujumbura ianze alfajiri, kabla jua halijalipata boksi. Ripoti itaje saa, mahali, chombo kilichowabeba, na idadi ya makinda walio hai na waliokufa. Mizoga isitupwe ziwani. Ifungwe na kupelekwa pamoja na walio hai, kwa kuwa nayo ni ushahidi.